Jicho Jekundu: Wekundu Wenyewe Hausemi Mengi

Wapange wagonjwa watatu kwenye benchi. Wa kwanza ana doa la damu lililofunika nusu nzima ya weupe wa jicho. Wa pili macho yote mawili yamevimba na kujaa tongotongo. Wa tatu jicho lake moja tu lina wekundu hafifu, kama pete iliyozunguka duara jeusi, na anajikinga mwanga kwa kiganja. Watu wengi watamwonea huruma wa kwanza na kumwambia wa tatu akalale kidogo. Daktari wa macho atafanya kinyume chake: wa kwanza huenda akarudi nyumbani bila dawa yoyote, wa pili atapewa maelekezo ya kunawa mikono na kungoja, na wa tatu ndiye atakayevushwa foleni, kwa sababu ugonjwa wake ndio unaoweza kumwachia upofu.

Kwa hiyo anayeuliza "jicho jekundu linatibiwa kwa dawa gani?" hawezi kupewa jibu moja. Wekundu ni dalili, na magonjwa yanayouleta ni mengi: mengine hupona yenyewe ukiyaacha, mengine yanahitaji matibabu ndani ya saa chache. Ubaya ni kwamba kiasi cha wekundu hakilingani na ukubwa wa hatari. Inabidi kutazama mambo mengine.

Wekundu unatoka wapi

Juu ya weupe wa jicho umelala utando mwembamba usio na rangi, uitwao konjaktiva. Unaanzia ukingoni mwa konea, yaani kile kioo cha mbele kinachofunika sehemu ya jicho yenye rangi, unatanda juu ya weupe, kisha unajikunja na kupanda upande wa ndani wa kope. Utando huo umejaa vimishipa vya damu ambavyo siku za kawaida vimejibana kiasi kwamba huvioni. Kitu kikiuudhi, iwe kirusi, vumbi, moshi au kukesha, vimishipa hutanuka, damu hujaa, na weupe unapotea.

Chini zaidi kuna mishipa mingine, inayolisha sehemu za ndani ya jicho. Hiyo ikijaa, wekundu wake huelekea zambarau na hujikusanya kuzunguka konea. Tofauti hii ni ndogo kwa macho lakini ina uzito. Wekundu ulio mkali pembeni na unaofifia ukielekea katikati, huku upande wa ndani wa kope nao ukiwa umeiva, kwa kawaida ni wa utando wa nje. Wekundu ulio mkali kuzunguka konea na unaofifia ukielekea pembeni unatia shaka kwamba tatizo liko kwenye konea yenyewe, kwenye irisi, yaani ile sehemu yenye rangi, au kwenye presha ya ndani ya jicho. Simama mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha, vuta kope ya chini, utaona unakoelemea.

Hata hivyo, kabla ya kioo kuna maswali matatu, na mimi ningeyatanguliza kuliko kitu kingine chochote. Unaona kama ulivyokuwa ukiona? Jicho linauma hasa, si kuwasha wala kukereketa kama lina mchanga? Mwanga unakuumiza? Swali la uoni lijibiwe jicho moja moja, jingine likiwa limefunikwa, kwa sababu jicho zima huficha udhaifu wa mwenzake. Pepesa kwanza na ufute tongotongo. Ukungu unaoondoka ukipepesa ni wa uchafu uliotanda juu ya jicho. Ukungu unaobaki palepale ni jambo jingine kabisa. Uoni ukiwa umepungua, au maumivu yakiwa makali, au mwanga ukiwa hauvumiliki, acha kutafuta jina la dawa. Tafuta daktari siku hiyohiyo.

Doa la damu linalotisha bure

Yule mgonjwa wa kwanza amepasukiwa na kimshipa kidogo kwenye utando. Damu imevuja na kusambaa chini yake, na kwa kuwa chini ni peupe, tone moja tu linaonekana kama ajali kubwa. Haliumi, halitoi usaha, halipunguzi uoni. Mara nyingi mwenyewe hajui mpaka aambiwe na mtu. Chanzo kinaweza kuwa kikohozi, kupiga chafya, kutapika, kubeba mzigo mzito, kujikamua chooni au kufikicha jicho usingizini, na mara nyingi hakijulikani. Doa hubadilika rangi likaelekea njano, kisha huisha ndani ya wiki mbili au tatu. Hakuna tone la dawa linaloharakisha safari hiyo.

Kinachostahili kufanywa ni kupima shinikizo la damu, hasa kwa mtu mzima, na kumweleza daktari kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Doa likijirudia mara kwa mara, au likiambatana na michubuko ya ngozi na fizi kutoka damu, uchunguzi uende kwenye damu yenyewe. Na likiwa limetokea baada ya kupigwa au kugongwa usoni, sahau haya yote: jicho lote lichunguzwe, kwa sababu damu ya juu inaweza kuwa imefunika jeraha la chini.

Macho ya kuambukiza

Hapa ndipo walipo wengi. Kuvimba kwa konjaktiva kunaletwa na virusi, bakteria au mzio, na kati ya watu wazima virusi ndivyo vinavyoongoza, hasa kundi la adenovirusi ambalo pia huleta mafua na koo kuuma.

Mwenendo wa kirusi unatambulika. Huanza jicho moja. Siku moja au kadhaa baadaye la pili linafuata, mara nyingi kwa ukali mdogo zaidi. Machozi yanatiririka, ni mepesi kama maji, na jicho linakereketa. Ukigusa mbele kidogo ya sikio unaweza kukuta tezi imevimba na inauma. Siku ya nne au ya tano hali inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, wakabadilisha dawa, kisha ugonjwa unaanza kupungua kwa wakati wake na sifa zote zinaenda kwa dawa ya mwisho. Kwa jumla ni wiki moja hadi tatu. Aina nyingine za adenovirusi huacha vidoa vidogo kwenye konea vinavyofanya uoni uwe na ukungu kwa wiki au hata miezi.

Mwaka 1969 kulizuka nchini Ghana aina ya macho mekundu ambayo haikuwa imeelezwa kabla. Ilishika ghafla, ndani ya siku moja au mbili tangu kuambukizwa, ikaleta vidoa vya damu kwenye weupe wa jicho, na kupona ndani ya wiki moja hivi. Kwa kuwa ilikuwa mwaka uleule chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini, watu waliuita ugonjwa huo Apollo, na jina hilo lingali linatumika katika nchi kadhaa za Afrika. Kirusi chake kikaja kutambuliwa kuwa enterovirusi aina ya 70. Mwaka 1970 huko Singapore kikapatikana kirusi kingine, koksaki A24, chenye kuleta ugonjwa wa namna ileile. Milipuko inayoikumba miji mizima kwa wiki chache, shule na ofisi zikabaki na viti vitupu, mara nyingi hutokana na virusi vya jamii hizi.

Kumtazama mgonjwa machoni hakukuambukizi. Ugonjwa hupita kwenye mikono. Mgonjwa anafuta chozi, anashika kitasa cha mlango, wewe unakishika na dakika tano baadaye unafikicha jicho lako. Adenovirusi inaweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa siku nyingi, hata wiki, na haiuawi kirahisi na spiriti za kupaka mikononi. Maji na sabuni ni bora zaidi. Taulo, foronya, wanja, vipodozi vya macho na chupa ya dawa visitumiwe na watu wawili. Maadamu jicho bado linatoa machozi na ni jekundu, ambalo ni jambo la siku kumi hadi kumi na nne, chukulia kwamba bado unaambukiza.

Tiba ya kirusi ni ya kupunguza kero: kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, matone ya kulainisha jicho, paracetamol kama kuna maumivu. Matone ya antibayotiki hayaui kirusi. Yanaandikwa kila siku duniani kote kwa ajili ya macho ya virusi, na sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba mgonjwa na daktari wote wawili wanaona aibu kuachana mikono mitupu.

Bakteria huja na sura nyingine: usaha mzito wa njano au kijani unaojirudia mchana kutwa hata ukiufuta, kope zilizogandana asubuhi, na mara nyingi mgonjwa ni mtoto. Kugandana kwa kope peke yake si ushahidi, maana hata kirusi hufanya hivyo. Macho ya bakteria kwa kawaida hupona hata bila dawa ndani ya siku saba hadi kumi, lakini matone au marhamu ya antibayotiki kama kloramfenikoli hufupisha siku hizo na kupunguza uambukizaji.

Kuna bakteria mmoja asiye na mzaha: wa kisonono. Akiingia jichoni, kwa kawaida kupitia mikono iliyogusa sehemu za siri zenye maambukizi, usaha hutoka kwa wingi usio wa kawaida. Unafuta, na kabla hujaweka kitambaa chini umejaa tena. Kope huvimba vibaya. Bakteria huyu anaweza kupenya konea iliyokuwa nzima na kuitoboa ndani ya siku moja au mbili. Hatibiwi kwa matone peke yake. Anahitaji sindano ya antibayotiki, jicho kuoshwa mara kwa mara, na mwenzi wa mgonjwa kutibiwa pia.

Mzio nao unajitambulisha kwa neno moja: kuwasha. Macho yote mawili yanawasha, mgonjwa hawezi kuacha kuyafikicha, pengine pua nayo inatiririka na chafya hazikomi. Tongotongo lake ni la nyuzinyuzi nyeupe, si usaha. Halimwambukizi mtu. Dawa ni matone ya kupunguza mzio kama olopatadini au kromoglikati, maji baridi, na kukaa mbali na kinachouchochea kama kinajulikana. Watoto wanaoishi kwenye joto hupata aina sugu, yenye vinundu vikubwa chini ya kope ya juu, inayowasumbua kwa miaka mpaka wafikie ujana. Hao wafuatiliwe na daktari wa macho, kwa sababu kufikicha kwa miaka mingi kunahusishwa na konea kudhoofika na kuchongoka, na vinundu vyenyewe huikwaruza.

Wekundu usioisha

Jicho lililo jekundu kwa miezi, bila maumivu makali, lina visababishi vyake. Ukavu ndio unaojulikana zaidi: machozi ni machache au hayana mafuta ya kutosha, yanakauka upesi, na cha ajabu ni kwamba jicho kavu linaweza kutoa machozi mengi ghafla kwa kujitetea. Mtu anayekodolea skrini hupepesa mara chache kuliko kawaida, na jioni macho yanawaka. Matone ya machozi bandia yanasaidia. Pumziko la kutazama mbali na kupepesa kwa makusudi husaidia zaidi ya watu wanavyodhani.

Kingo za kope zikivimba na kuwa na magamba kama mba kwenye mashina ya nywele zake, tiba ni kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika tano hadi kumi kila siku, kisha kusafisha kingo hizo taratibu, na kufanya hivyo kwa wiki nyingi. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna njia ya mkato. Chokea nacho hutibiwa hivyohivyo: joto la uvuguvugu, wala kisikamuliwe. Kinyama kinachoota kutoka pembe ya jicho upande wa pua na kutambaa juu ya konea kinahusiana na jua, upepo na vumbi vya miaka mingi. Hukatwa pale tu kinapokaribia kuziba uoni, kikiwasha wakati wote au kikikua haraka, na kinaweza kurudi.

Trakoma inastahili kutajwa kwa jina lake. Ni maambukizi ya bakteria wa klamidia yanayojirudia tangu utotoni, yanayoacha makovu ndani ya kope ya juu mpaka kope inageukia ndani na nywele zake kukwaruza konea kila mtu anapopepesa. Kati ya maambukizi yote, ndiyo yanayoongoza kwa kusababisha upofu duniani. Shirika la Afya Duniani linaipiga vita kwa mambo manne yanayokwenda pamoja: upasuaji wa kope, dawa ya azithromycin kwa jamii nzima, usafi wa uso, na maji na mazingira safi.

Macho ambayo hayasubiri kesho

Konea haina mishipa ya damu lakini imejaa neva, kwa hiyo kidonda chake kinauma kupita kiasi cha ukubwa wake. Mgonjwa hawezi kufungua jicho, machozi yanamwagika, mwanga unamchoma, na wakati mwingine doa jeupe linaonekana kwenye kioo cha jicho. Bakteria hufika hapo kupitia mkwaruzo. Fangasi mara nyingi hufika na jani, mti au udongo uliomchoma mtu shambani.

Wanaovaa lenzi za kugusa, zile zinazokaa juu ya jicho badala ya miwani, wamo hatarini zaidi, hasa wanaolala nazo, wanaoogelea nazo au wanaozisuuza kwa maji ya bomba. Bakteria aina ya pseudomonas anaweza kuharibu konea kwa siku chache, na akantamiba, kijidudu cha majini, huleta maumivu ya miezi. Kwa hiyo sheria yao ni fupi: jicho likiwa jekundu, lenzi inatoka, hairudi, na mtu anaonwa na daktari siku hiyo akiwa ameibeba lenzi pamoja na kikasha chake, maana vinaweza kupimwa maabara.

Kirusi cha hepesi, kilekile kinacholeta malengelenge mdomoni, kinaweza kuishi kimya kwenye neva za uso na kuamka jichoni. Kwa macho matupu jicho linaonekana jekundu kidogo tu. Daktari akidondosha rangi ya floresini na kulimulika kwa mwanga wa buluu, palipochubuka panang'aa kijani, na mchoro unaotokea ni mstari wenye matawi madogo, kila tawi likiishia na kinundu. Ukishauona mara moja huusahau. Tiba ni dawa ya kuua kirusi, kama marhamu ya asiklovia. Mtu huyohuyo akipewa matone ya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, bila kinga hiyo, matawi yatapanuka na kuwa kidonda kipana, na kovu lake litabaki.

Yule mgonjwa wa tatu wa kwenye benchi ana irisi iliyovimba. Maumivu yake ni ya ndani, ya kufukuta. Mwanga unamuumiza hata ukimulika jicho lile jingine, kwa sababu mboni zote mbili husinyaa kwa pamoja. Mboni ya jicho linalougua huwa ndogo kuliko mwenzake, na ikiachwa inaweza kugandamana na lenzi ya asili ya jicho iliyo nyuma yake na kupoteza uduara. Mara nyingi chanzo hakipatikani; mara nyingine ni ugonjwa wa kinga ya mwili unaoshika pia uti wa mgongo, au kifua kikuu, kaswende, hepesi. Hutibiwa kwa matone ya steroidi pamoja na ya kutanua mboni, chini ya macho ya mtaalamu.

Halafu kuna presha ya jicho inayopanda ghafla. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka wakati wote kupitia pembe iliyo kati ya irisi na konea. Kwa watu wenye pembe nyembamba, ambao mara nyingi ni wazee, wanawake, na wanaovaa miwani ya kutazama karibu tangu ujanani, mboni ikitanuka gizani au kwa sababu ya dawa fulani, irisi inaweza kuziba njia. Presha ya kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki. Hapo inaweza kuvuka 40 au hata 60 ndani ya saa chache. Jicho linakuwa jekundu na gumu, konea inafifia kama kioo kilichopuliziwa mvuke, mboni inabaki imetanuka nusu na haiitiki mwanga, na taa zinaonekana zimezungukwa na pete za rangi. Kichwa kinauma upande mzima, mtu anatapika. Kwa kuwa analalamikia kichwa na tumbo, anaweza kutibiwa kipandauso au tumbo usiku kucha, na hakuna aliyemtazama jichoni. Mshipa wa fahamu wa jicho haungoji. Hupewa asetazolamidi na matone ya kushusha presha, kisha leza hutoboa kitundu kidogo kwenye irisi ili maji yapate njia nyingine. Jicho la pili hutobolewa pia, maana nalo limeumbwa hivyohivyo.

Wa mwisho kwenye kundi hili ni ugonjwa wa weupe wenyewe wa jicho, si utando wa juu. Maumivu yake humwamsha mtu usiku na kusambaa mpaka taya na paji la uso. Mara nyingi hufuatana na baridi yabisi au magonjwa mengine ya kinga ya mwili. Upo uvimbe wa juujuu unaofanana nao, usio na madhara na unaopita wenyewe; daktari huutofautisha kwa tone la fenilefrini, ambalo hufifisha mishipa ya juu na kuiacha ya ndani ikiwa ileile.

Kemikali na vitu vilivyoingia

Kemikali ikiingia jichoni, tiba inaanza pale mtu aliposimama, kabla ya gari na kabla ya simu. Maji safi, mengi, kope zikishikiliwa wazi, kwa dakika zisizopungua 15 hadi 30, jicho likizungushwa huku na huku. Usitafute kitu cha kupambana na kemikali hiyo, usisubiri maji maalumu. Saruji, chokaa na dawa nyingi za kuzibulia mabomba ni alkali, na alkali ni mbaya kuliko asidi nyingi, kwa sababu huyeyusha tishu na kuendelea kuzama ndani. Jicho lililochomwa na alkali na kubaki jeupe sana si habari njema; mishipa yake imekufa.

Chembe ya vumbi iliyonasa chini ya kope ya juu huikwaruza konea kila unapopepesa. Chini ya floresini inaonekana wazi: mistari myembamba ya wima, imepangana, kama imechorwa na kucha. Daktari akiiona hiyo huigeuza kope juu ya kijiti cha pamba na kukuta punje imejibanza pale. Ikitolewa, nafuu huja papo hapo. Lakini aliyekuwa akipiga nyundo juu ya chuma, au akisaga vyuma bila miwani ya kinga, na akahisi kitu kimempiga jichoni, asifikiche, asioshe kwa nguvu, asijaribu kutoa chochote kilichochomoza. Afunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, kama sehemu ya chini ya kikombe cha karatasi, na apelekwe.

Daktari anatazama nini

Uchunguzi mzuri huanza kwa kusoma herufi ukutani, kwenye ubao aliouasisi Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862. Inashangaza ni mara ngapi hatua hii inarukwa, wakati ndiyo inayotenganisha jicho la kungoja na jicho la haraka. Kisha tochi: mboni zinalingana, ni za duara, zinaitika? Konea inang'aa? Baada ya hapo floresini na mwanga wa buluu, kipimo cha presha, na hadubini yenye mwale mwembamba wa mwanga, iliyotokana na kazi ya Mswidi Allvar Gullstrand mwaka 1911, ambayo humwonyesha daktari hata chembechembe za uvimbe zikielea katika maji ya mbele ya jicho. Usaha hupelekwa maabara kwa mtoto mchanga, kwa kidonda cha konea, kwa shaka ya kisonono, au tiba ikishindwa. Si kwa kila tongotongo.

Mgonjwa naye aje na habari kamili. Lilianza lini, jicho gani, alikuwa akifanya nini, anavaa lenzi, ana maumivu ya viungo, na ameshaweka nini jichoni. Hilo la mwisho huwa watu wanalificha, wakati ndilo daktari analolihitaji zaidi.

Vichupa vya nyumbani

Matone ya kuondoa wekundu yanayouzwa bila cheti hubana mishipa kwa saa chache. Ukiyatumia siku nyingi mfululizo, mishipa huzoea, na yakikatika inatanuka kuliko mwanzo; mtu anaongeza matone, wekundu unaongezeka. Hayatibu ugonjwa wowote kati ya yote yaliyotajwa hapa.

Matone ya steroidi ni hatari zaidi kwa sababu yanapendeza. Jicho lolote hutulia kwa siku mbili, liwe na ugonjwa gani. Huku chini yanalegeza kinga, hepesi na fangasi vinapata uwanja, na kwa baadhi ya watu presha ya jicho inapanda bila maumivu yoyote. Yakitumiwa kwa miezi huleta pia mtoto wa jicho. Kichupa alichoandikiwa jirani kwa irisi iliyovimba kilimwokoa yeye. Kwa jicho lako kinaweza kuwa chanzo cha kovu. Matone ya ganzi nayo, yale yanayoondoa maumivu papo hapo kliniki, hayapaswi kwenda nyumbani na mtu: yanazuia konea kupona na yanaweza kuifanya iyeyuke. Maziwa ya mama, mkojo, majimaji ya mimea, chai, asali ya jikoni, vyote vinabeba vijidudu na visiingie jichoni.

Kuna namna ya kuweka tone. Nawa mikono, vuta kope ya chini upate kifuko, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa chochote, fumba jicho taratibu na ubonyeze pembe ya jicho upande wa pua kwa dakika moja. Tone la pili la hapohapo linamwagika shavuni tu. Kama dawa ni mbili, ziachane dakika tano.

Mtoto mchanga

Macho mekundu yenye usaha katika siku 28 za kwanza za maisha ni dharura, haidhuru mtoto ananyonya vizuri. Ya kisonono huanza kwa kawaida siku ya pili hadi ya tano, ya klamidia kati ya siku ya tano na ya kumi na nne, na yote hutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa. Mwaka 1880 huko Leipzig, daktari wa uzazi Carl Credé alianza kudondosha myeyusho wa nitrati ya fedha machoni mwa watoto wote waliozaliwa katika hospitali yake, na ugonjwa uliokuwa ukimpata takriban mtoto mmoja kati ya kumi ukashuka chini ya mmoja kati ya mia. Siku hizi hutumika marhamu ya tetrasaiklini au erithromaisini. Aliyekwisha kuugua anahitaji zaidi ya marhamu: wa kisonono hupewa sindano, wa klamidia dawa ya kunywa, kwa sababu bakteria huyo anaweza kushuka mapafuni, na mama na mwenzi wake hutibiwa pamoja naye.

Kwa watoto wakubwa kidogo, macho mekundu yenye homa, kikohozi na vipele yanaweza kuwa surua, ambayo hutibiwa pamoja na vitamini A ili kulinda konea. Kope iliyovimba upande mmoja, jicho likichomoza na kuuma linapozungushwa, ni maambukizi yaliyofika nyuma ya jicho, na mtoto analazwa. Na mtoto mwenye jicho jekundu ambaye mboni yake inaonekana nyeupe, pengine kwenye picha iliyopigwa kwa fleshi huku ya jicho la pili ikitoka nyekundu kama kawaida, aonwe na mtaalamu wa macho bila kuchelewa, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa saratani ya retina, utando wa nyuma ndani ya jicho, na ikiwahiwa kabla haijatoka nje ya jicho watoto wengi hupona.